Kavunja masharti, kapelekwa Butimba: namna ya kukata rufaa

Kama ndugu yako alipewa probesheni (uangalizi wa afisa badala ya kufungwa) kwenye kesi ya bangi, na leo hakimu amesema kavunja masharti na kapandishwa karandinga kwenda gereza la Butimba, hapa Mwanza, tazama kalenda kabla hujafanya lolote lingine. Una siku 10. Ni siku 10 za kutoa kusudio la kukata rufaa, na zinaanza kuhesabiwa siku ile amri iliposomwa. Hazisubiri upate nakala ya hukumu, wala hazisubiri upate hela ya wakili. Mimi nilipoteza 7 kati ya hizo nikizunguka mjini kutafuta mtu wa "kuongea naye", na mpaka leo nikizikumbuka moyo unaniuma.

Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Mdogo wangu, mtoto wa mwisho kwetu, alikamatwa na misokoto miwili ya bangi, akakiri, na mahakama ikamweka chini ya probesheni miezi 24. Masharti yalikuwa matatu: aripoti kwa afisa kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, asiguse bangi, asihame bila kumjulisha afisa. Miezi saba aliripoti bila kukosa. Mwezi wa nane akapata kazi kwenye kambi ya dagaa, kisiwa kimoja upande wa Ukerewe. Anayejua dagaa anajua kwamba huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, na giza likiingia tajiri hamruhusu mtu wa mtumbwini kuondoka. Jumatatu mbili zikampita huko. Alimpigia afisa simu mara moja, siku aliyokwenda Nansio kununua unga, akamwambia yuko kambini. Aliporudi Mwanza akakuta wito.

Shauri lake la kuvunja masharti halikuchukua dakika kumi. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma na kapu langu. Afisa alisimama akasema hajaripoti miezi miwili. Hakimu akamuuliza kijana, "Umesikia?" Akajibu, "Nimesikia." Akapewa kifungo cha mwaka mmoja.

Baada ya hapo nilisoma mafunzo ya msaidizi wa kisheria, na sasa watu hunifuata mpaka mezani kwangu na karatasi zao zina harufu ya dagaa. Ninachoandika hapa ndicho ninachowaambia.

Kwanza ujue alipewa nini

Huku kwetu kila asiyefungwa anaambiwa amepata "kifungo cha nje". Chini ya jina hilo kuna mambo matatu tofauti, na rufaa yako inategemea ni lipi.

Kuna probesheni, yaani kuwekwa chini ya uangalizi wa afisa kwa masharti, kwa mujibu wa Sura ya 247 ya sheria za Tanzania. Kuna huduma kwa jamii, kwa sheria ya mwaka 2002, ambapo mtu anayestahili kifungo kisichozidi miaka mitatu anafanya kazi za umma bila malipo badala ya kukaa gerezani. Na kuna kuachiwa kwa masharti chini ya kifungu cha 38 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ambapo sharti ni moja tu: usitende kosa lolote kwa muda uliowekwa, na muda huo hauzidi miezi 12.

Tofauti hii si ya maneno tu. Alikuja mama mmoja kutoka Igombe, kijana wake amefungwa kwa "kutoripoti". Tulipoipata karatasi ya amri ya kwanza tukakuta aliachiwa kwa masharti chini ya kifungu cha 38. Hakuwa na wajibu wa kuripoti popote. Sababu ya kwanza ya rufaa yake ilikuwa imelala ndani ya karatasi hiyo tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo omba nakala ya amri ya awali na uisome mwenyewe, neno kwa neno. Usikubali mtu akusimulie.

Jambo jingine la kulijua mapema: aliyekiri kosa hawezi kurudi kwenye rufaa akapinga kutiwa hatiani. Anachoweza kulalamikia ni uhalali wa adhabu au ukubwa wake. Mdogo wangu alitaka sana tuandike kwamba msokoto mmoja haukuwa wake. Nikamwambia, "Hiyo siku imepita, mwanangu. Tunapigania siku ya pili." Ya pili ni ile alipoambiwa kavunja masharti. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inampa haki ya kwenda Mahakama Kuu mtu yeyote asiyeridhika na uamuzi, adhabu au amri ya mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi. Hilo neno "amri" ndilo mlango wetu.

(Kama shauri lilikuwa Mahakama ya Mwanzo njia ni nyingine: rufaa inakwenda Mahakama ya Wilaya, ndani ya siku 30.)

Karatasi ya siku 10

Kusudio la rufaa ni karatasi fupi mno. Halihitaji sababu wala wakili. Linasema tu kwamba hujaridhika na unakusudia kukata rufaa. La kwetu lilisomeka hivi, ukiondoa jina na namba ya shauri:

"Mimi, mshtakiwa katika shauri la jinai lililotajwa hapo juu, sikuridhika na uamuzi wa mahakama hii wa tarehe … kwamba nimekiuka masharti ya probesheni, pamoja na adhabu ya kifungo cha mwaka mmoja niliyopewa. Natoa kusudio la kukata rufaa Mahakama Kuu ya Tanzania, Mwanza, dhidi ya uamuzi huo na adhabu hiyo. Naomba nipatiwe nakala ya mwenendo, uamuzi na amri ya awali ya probesheni."

Taja vyote viwili, uamuzi na adhabu. Ukitaja adhabu peke yake, unaonekana umekubali kwamba kweli ulivunja masharti.

Kichwa cha karatasi na namba za vifungu waulize masjala, yaani ofisi ya majalada ya mahakama. Katika toleo la sheria la mwaka 2022, haki ya rufaa ilikuwa kifungu cha 359 na muda ulikuwa kifungu cha 361. Ila matoleo yakirekebishwa namba huhama, kwa hiyo hakiki kabla ya kuandika. Kiswahili kinatosha kabisa. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, na asikuambie mtu kwamba lazima alipwe ili akuandikie Kiingereza.

Aliyefungwa ana njia yake: anatoa kusudio kupitia mkuu wa gereza. Mueleze hivyo siku ya kwanza ya kumtembelea. Pale gerezani kuna askari wanaoshughulikia rufaa za wafungwa, na ndugu yako akisema "nataka kukata rufaa" wanampa karatasi, anaweka dole gumba, inapelekwa. Kazi yako wewe wa nje ni kufuatilia imefika lini. Mimi nilikwenda Butimba siku ya nane. Kijana akaniambia bado hajasema kitu kwa sababu alikuwa ananisubiri mimi, na mimi nilikuwa namsubiri mtu wa mjini. Tukaandika siku hiyo hiyo. Siku ya kumi asubuhi nilikuwa masjala kabla ya mlango kufunguliwa, nikamuuliza karani kama karatasi ya Butimba imeingia. Akapekua, akasema, "Mama, imeingia jana." Nikamwomba anioneshe muhuri. Wino wa dole gumba ulikuwa umeingia mpaka upande wa pili wa karatasi. Nikaipiga picha kwa simu, tarehe ionekane vizuri. Picha hiyo ninayo mpaka leo.

Wewe nawe hifadhi ushahidi wa tarehe. Kusudio lililochelewa, au lisiloonekana kwenye jalada, linaweza kuiua rufaa nzuri kabla jaji hajafungua ukurasa wa pili.

Mwenendo: rufaa inaishi humu

Rufaa husikilizwa kwenye karatasi. Jaji wa Mahakama Kuu hakuwepo siku ile, hakumuona afisa wala kijana. Anachokiona ni mwenendo wa shauri, yaani kile hakimu alichoandika. Kilichosemwa kisiandikwe, kwake ni kama hakikusemwa. Ndiyo maana hii ndiyo sehemu ninayoikazania kuliko zote.

Ombi la nakala liandikwe kwa maandishi, na nakala ya ombi ibaki kwako ikiwa na muhuri. Mshtakiwa anastahili nakala ya hukumu bila malipo. Ukidaiwa pesa, omba stakabadhi ya serikali, usilipe mkononi. Rudi kuulizia kila wiki, kwa adabu na kwa daftari. Mimi niliandika kila safari: tarehe, nani kanijibu, kajibu nini. Daftari hilo lina kazi nitakayoieleza mbele.

Ukishaupata mwenendo, keti pahali penye utulivu. Unaweza kuja kwa Kiingereza. Tafuta mtu akusomee mstari kwa mstari, asikufupishie. Wa kwetu, ile siku ya kuvunja masharti, ulikuwa mistari mitatu. Afisa: mshtakiwa hajaripoti miezi miwili. Mshtakiwa: nimesikia. Mahakama: mshtakiwa amekiuka masharti. Basi.

Nilipousoma mara ya kwanza nililia, nikidhani hakuna kitu. Wakili wa msaada wa kisheria aliyeusoma baadaye akaniambia, "Dada, kutokuwepo kwa kitu ndiyo kitu chenyewe." Tukaanza kuuliza maswali, nawe uyaulize ya kwako. Je, mwenendo unaonyesha alisomewa madai ya kuvunja masharti, akaulizwa anakubali au anakataa? "Nimesikia" si "nakubali". Je, afisa alitoa ushahidi kwa kiapo, au alisimama tu akaeleza? Je, kijana alipewa nafasi ya kumuuliza afisa maswali? Aliulizwa kwa nini hakuripoti? Je, siku ya amri ya kwanza alielezwa masharti kwa lugha anayoielewa, na akaelezwa kitakachompata akiyavunja? Je, hakimu alifikiria njia nyingine, kwa mfano kumpiga faini na kuiacha probesheni iendelee, au aliruka moja kwa moja kwenye kifungo?

Kama madai ni kwamba alivunja masharti kwa kutenda kosa jipya, tazama kama ametiwa hatiani kwa kosa hilo au ni tuhuma tu. Na kama wanasema alikutwa tena na dawa, angalia imethibitishwa na nani kwamba ni dawa. Kazi hiyo ni ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Majani ndani ya karatasi hayajithibitishi yenyewe.

Kuhusu ile simu ya Nansio, nilitaka kuipeleka Mahakama Kuu na orodha ya simu kutoka kampuni ya simu. Nikaelezwa kwamba ushahidi mpya kwenye rufaa hupokelewa kwa nadra, kwa ruhusa ya mahakama. Simu ile ilitakiwa isemwe siku ile ya kwanza. Basi kama unasoma hapa na shauri la kuvunja masharti bado halijasikilizwa, mfundishe ndugu yako sentensi moja: "Mheshimiwa, sikubali, na naomba iandikwe kwamba nina maelezo na nina ushahidi." Aende na barua ya tajiri wa kambi, cheti cha zahanati, tiketi ya meli, chochote alicho nacho. Kikishaingia kwenye mwenendo kitamfuata mpaka juu.

Sababu za rufaa, siku 45

Sababu za rufaa, ambazo wengine huziita petisheni, ziwasilishwe ndani ya siku 45 tangu tarehe ya uamuzi. Siku ulizotumia kusubiri nakala za mwenendo na uamuzi haziingii kwenye hesabu hiyo. Hapa ndipo daftari na lile ombi lenye muhuri vinapofanya kazi: vinaonyesha uliomba lini na ukapewa lini. Hata hivyo usizitegemee siku hizo za nyongeza kama akiba ya kupumzikia.

Andika sababu chache, kila moja jambo lake. Watu huniletea kurasa nne za huruma: mama mgonjwa, watoto wadogo, umaskini. Huruma ina mahali pake, kwenye sababu ya ukubwa wa adhabu, na mistari miwili inaitosha. Sababu zetu zilikuwa nne. Kwamba mahakama ilikosea kisheria kuamua mrufani amekiuka masharti bila kumsomea madai na kumtaka ajibu. Kwamba hakuna ushahidi wa kiapo uliotolewa, na mrufani hakupewa nafasi ya kumuuliza afisa maswali. Kwamba mrufani hakupewa nafasi ya kujitetea. Na kwamba adhabu ni kubwa mno ukitazama miezi saba aliyotii masharti yote. Mwishoni unaeleza unaomba nini: uamuzi utenguliwe, adhabu ifutwe, na probesheni iendelee.

Aliye gerezani anawasilisha petisheni nayo kupitia mkuu wa gereza. Aliye nje ataambiwa masjala namna ya kuiingiza kwenye mfumo wa kielektroniki wa mahakama.

Msaidizi wa kisheria kama mimi anaruhusiwa kukushauri na kukuelekeza bure, chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Haruhusiwi kusimama mahakamani kwa niaba yako, na akikutoza pesa mkimbie. Wakili wa kusimama muombe kupitia watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa. Ukimkosa, mrufani anasimama mwenyewe. Wengi husimama wenyewe na kushinda.

Nisikufiche hatari moja. Mahakama Kuu inaweza kupunguza adhabu na inaweza kuiongeza. Kama shtaka la awali lilikuwa kusafirisha dawa za kulevya, kosa ambalo sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 inalipa kifungo cha miaka 30 au maisha, na kwa njia fulani mtu akapata probesheni, usifungue jalada hilo kabla wakili hajalisoma.

Wakati unasubiri

Unaweza kuomba dhamana au kusitishwa kwa adhabu wakati rufaa inasubiri. Mahakama hutaka sababu nzito, hasa rufaa ambayo ukiitazama tu unaona ina nguvu. Sisi tuliomba tukakosa. Omba hata hivyo, hasa kama kifungo ni kifupi, kwa sababu rufaa inaweza kukuta kifungo kimeisha.

Kama siku 10 au 45 zimekwisha kupita, usikate tamaa. Unaomba Mahakama Kuu ikuongezee muda, kwa maombi yanayoungwa mkono na hati ya kiapo inayoeleza sababu ya msingi. Usiandike "nilichelewa kwa sababu sikujua sheria". Eleza siku kwa siku: nakala ilitoka lini, mfungwa alihamishwa gereza lini, karatasi ilikaa kwa nani.

Siku ya kusikilizwa, upande wa pili anasimama wakili wa serikali kwa niaba ya Jamhuri. Mrufani akiulizwa ana la kuongeza, ajibu kwa ufupi: naomba sababu zangu zipokelewe kama sehemu ya hoja zangu, na baada ya Jamhuri kujibu nikiwa na la kusema nitasema. Hicho ndicho alichosema mdogo wangu, na sauti ilimtetemeka. Wakili wa serikali akasimama akasema Jamhuri inaunga mkono rufaa, kwa sababu mwenendo hauonyeshi kwamba mrufani alisikilizwa. Sikuwa nimejua kwamba upande wa Jamhuri unaweza kusema hivyo. Unaweza, na hutokea.

Uamuzi ulitenguliwa, kifungo kikafutwa, probesheni ikabaki vilevile. Alikuwa amekaa ndani miezi mitano. Ukishindwa, bado kuna Mahakama ya Rufani, na huko taarifa ya rufaa inatolewa ndani ya siku 30.

Siku hiyo usiondoke mahakamani mpaka ujue amri ya kuachiliwa inapelekwa gerezani na nani, na saa ngapi, maana bila karatasi hiyo geti halifunguliwi. Beba nguo na ndara, zile alizoingia nazo huenda hazimtoshi tena. Na kumbuka kwamba kama probesheni imerudi, masharti yamerudi nayo. Sisi tulitoka Butimba saa kumi jioni. Kesho yake saa mbili asubuhi tulikuwa mlangoni kwa afisa, mimi na yeye, na daftari jipya ambalo kila akiripoti tunamwomba afisa aweke sahihi na tarehe. Afisa hakukasirika. Aliandika namba yake ya simu kwenye jalada la daftari, akamwambia, "Giza likiingia, nipigie kabla hujapanda mtumbwi."